Msituuzie Mikono Yetu

Sipingi mkono. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili wale watakaonikasirikia wanikasirikie kwa nililoliandika, wasije wakanikasirikia kwa wanalodhani nimeliandika. Mkono wa binadamu juu ya mwili wa binadamu mwenzake ni dawa ya kale kuliko hospitali na kuliko shule. Ninachokipinga ni biashara iliyouchukua mkono huo, ikauvika maneno mageni, kisha ikaturudishia kwa ada.

Biashara yenyewe imeingia katika miji yetu kwa majina mengi. Unaalikwa kwenye ukumbi wa hoteli. Unaambiwa kwamba hofu, huzuni, kiwewe na hata maumivu ya mgongo ni nguvu iliyoziba katika njia za mwili zisizoonekana, na kwamba ukijigonga kwa ncha za vidole mahali fulani (mwanzo wa nyusi, pembeni mwa jicho, chini ya jicho, chini ya pua, kidevuni, penye mtulinga, chini ya kwapa, utosini) huku ukilitaja tatizo lako kwa sauti, nguvu itazibuka nawe utapona. Katika chumba cha pili yuko mwenzake mwenye kitanda na mafuta, ambaye anadai kiwewe hujificha ndani ya misuli kama panya ghalani, na yeye anajua namna ya kukitoa kwa vidole gumba. Siku tatu, cheti, chai na vitafunwa. Ada ya ngazi ya kwanza, katika semina niliyoalikwa mimi, ilizidi pensheni yangu ya mwezi. Ngazi zilikuwa nne.

Nianze na mkono, maana hapo sina ugomvi na mtu. Mtoto akianguka na kuumia goti, mama yake hulisugua. Hakuna aliyemfundisha. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walichapisha katika jarida la Science maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mafunzo mengi kuhusu maumivu: walisema katika uti wa mgongo kuna kitu mithili ya lango, na hisia za kuguswa zikifika hapo huweza kulifunga kidogo, habari za maumivu zisipite zote kwenda kwenye ubongo. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, lakini wazo kuu limebaki. Basi mama wa goti alikuwa akifunga lango bila kujua kwamba lipo.

Nasi tuna ujuzi wetu. Nani miongoni mwetu hajamwona mzazi akikandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua? Pwani wako wanaopiga chuku, na wachuaji ambao mtu aliyeteguka kifundo huenda kwao kwanza kabla hajafikiria zahanati. Wapo wazuri na wapo wa hatari, kama ilivyo katika kila kazi. Mwaka 2017 chama kikubwa cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliwashauri wanachama wake kwamba mgonjwa wa maumivu ya kiuno yaliyoanza karibuni aanze na joto, kuchuliwa na mengineyo ya namna hiyo kabla ya kukimbilia vidonge. Bibi zetu wangecheka kusikia kwamba jambo hilo lilihitaji kamati.

Sasa tuje kwenye kugongagonga. Jambo hili halikutoka Uchina, ingawa linajipamba kwa majina ya Kichina. Mwanzilishi wake ni mwanasaikolojia wa California, Roger Callahan, ambaye mnamo mwaka 1980 alikuwa akimtibu mwanamke aliyeogopa maji kupita kiasi. Katika maandishi yake alimwita Mary. Tiba ya maongezi ilikuwa imekwenda muda mrefu bila mafanikio makubwa. Siku moja mwanamke huyo akasema hofu yake anaisikia tumboni. Callahan, aliyekuwa amejisomea habari za tiba ya Kichina, akakumbuka kwamba njia ya nguvu inayohusishwa na tumbo inaanzia chini ya jicho, akamwambia ajigonge pale. Kwa simulizi yake mwenyewe, hofu ikatoweka papo hapo na mwanamke akatoka kuliendea bwawa la kuogelea. Juu ya tukio hilo moja akajenga tiba nzima, akaiita Tiba ya Uwanda wa Fikra, kila shida na utaratibu wake wa kugonga. Katika miaka ya 1990 mwanafunzi wake, Gary Craig, ambaye kisomo chake kilikuwa uhandisi, akaona utaratibu mwingi wa nini, akauunganisha wote kuwa mmoja. Akauita Mbinu za Uhuru wa Hisia. Huo ndio unaofundishwa zaidi leo.

Msomaji angalia jambo moja hapo, maana watetezi hulipita haraka. Mwalimu alisema mpangilio wa kugonga ni lazima ulingane na ugonjwa. Mwanafunzi akasema mpangilio si kitu, gonga kote. Na wote wawili wakadai mafanikio makubwa. Katika darasa la hesabu, ikiwa njia mbili zinazopingana zinatoa jibu lile lile, tungeuliza kama kuna njia ya tatu inayofanya kazi bila wao kuijua.

Njia hiyo ya tatu inajulikana, tena ina umri mkubwa. Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu wa saikolojia alitusimulia habari za Mary Cover Jones, ambaye mwaka 1924 alichapisha kisa cha mtoto aliyemwita Peter. Mtoto huyo alimwogopa sungura. Alichofanya yule mama ni kumpa mtoto chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali, siku nyingine sungura akasogezwa, na siku nyingine tena, mpaka mtoto akawa anakula huku mkono mmoja uko juu ya sungura. Baadaye Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, alilijenga wazo hilo kuwa tiba kamili: mtu aikaribie hofu yake kidogo kidogo akiwa ametulia, na aipime kwa namba. Sasa mtazame mtu anayejigonga. Ameketi salama. Yuko na mtu anayemsikiliza. Anaitaja hofu yake, anaipa namba kutoka sifuri hadi kumi, anaitaja tena, huku mwili ukiguswaguswa kwa mapigo ya taratibu yanayotuliza. Sungura anasogezwa! Vidole ndivyo chakula.

Hayo si maneno yangu ya kijiweni. Mwaka 2003 watafiti wawili nchini Canada, Waite na Holder, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 119 wa chuo. Kundi la kwanza lilijigonga mahali panapofundishwa. La pili likajigonga mkononi mahali pasipo na maana yoyote katika tiba hiyo. La tatu likamgonga mwanasesere. La nne halikugonga kitu. Hofu ilipungua katika makundi yote matatu yaliyogonga, pamoja na lile la mwanasesere. Kundi la nne halikupata nafuu hiyo. Kwa hiyo kugonga kulisaidia, sikatai, lakini zile njia za nguvu hazikuwa na kazi, isipokuwa kama mwanasesere naye anazo.

Watetezi watanijibu kwa Rwanda. Hujibu hivyo kila mara, na ni haki yao, kwa kuwa yaliyotokea Rwanda mwaka 1994 ni kipimo ambacho hakuna tiba ya kiwewe itakayokwepa. Ni kweli kwamba mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya watu wazima 145 walionusurika mauaji yale. Nusu yao walifanyiwa tiba ya kugonga, tena na viongozi wa jamii zao waliofundishwa kazi hiyo, na nusu wakangoja zamu yao. Waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliongoja, na walipofuatwa baada ya miaka miwili nafuu ilikuwa bado ipo. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini nauliza swali la mwalimu: walilinganishwa na nani? Walilinganishwa na watu waliokuwa wakingoja. Mtu aliyebeba jambo zito kwa miaka mingi, akaketi na mzee wa mtaa wake anayemheshimu, akalitaja lile jambo na kusikilizwa, lazima atapata nafuu kuliko yule aliyeambiwa njoo baadaye. Jaribio lile halikuweza kutuambia kama kilichoponya ni vidole au ni yule mzee.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi ya yote haya. Callahan aliweka ndani ya nadharia yake milango miwili ya kutokea. Mgonjwa asipopona, alisema nguvu zake zimegeuka, ziko kinyume, basi azinyooshe kwanza kwa kugonga ubavu wa kiganja. Na mgonjwa akipona lakini akasema labda ni kwa sababu nyingine, basi naye ana kasoro, na kasoro hiyo ikapewa jina lake maalumu. Kwa hiyo ukipona, ni kugonga. Usipopona, ni wewe. Ukipona ukashuku, ni wewe tena. Mwanafunzi wangu wa darasa la saba angeniletea hoja ya namna hiyo ningemrudishia daftari lake.

Ningeweza kuishia hapo kama ingekuwa ni hasara ya fedha tu. Lakini nimeona madhara yake kwa mtu ninayemheshimu, na ndiyo sababu ya kuishika kalamu.

Mama huyu, simtaji jina, alifundisha chini yangu jijini Mwanza kwa miaka kumi na mmoja. Asubuhi ya tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza ikitokea Bukoba. Ilijengwa kubeba abiria 430, na siku ile ilikuwa na wengi kupita hao. Walikufa watu mamia kwa mamia, na wengi wamelala katika makaburi ya Igoma. Mwalimu wangu alimpoteza mdogo wake wa kike pamoja na mtoto wa mdogo wake. Tangu hapo hakukanyaga chombo cha majini. Misiba ya kwao Bukoba aliifuata kwa basi, tena si kwa njia ya Busisi maana pale palikuwa na kivuko, bali kwa kuzunguka Shinyanga, Kahama na Biharamulo. Mwaka 2018 tarehe 20 Septemba kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu 228, hakulala wiki nzima. Shingo ikakakamaa, kifua kikabana.

Wanawe wakampeleka semina, kwa mapenzi mema. Aliniomba nimsindikize siku ya kwanza, nami nikaenda. Mwezeshaji alikuwa kijana mtanashati, mwenye sauti nzuri, akituita “wapendwa”. Alimwuliza hofu yake ni namba ngapi. Akasema kumi. Wakagonga. Ikawa sita, ikawa nne. Nilimwona akishusha pumzi ndefu, na usiku ule alilala. Nalishuhudia hilo kama nilivyoliona.

Lakini yule kijana hakuuliza ilikuwaje. Aliandika “hofu ya maji” kama angeandika kikohozi. Baada ya mwezi hofu iliporudi na mama akarudi kwake, aliambiwa: “Mama, mwili wako bado unakataa kupona. Inabidi uje ngazi ya pili.” Akaniletea maneno hayo nyumbani, ameyabeba kama mtoto aliyeletwa ofisini na kosa asilolifanya. “Mkuu,” aliniuliza, “hivi ni mimi ninayekataa?”

Mary wa California aliogopa maji yaliyokuwa ndani ya bwawa la vigae. Maji yale hayakumla mtu wa kwake. Huyu mwenzetu anaogopa chombo kilichojaa kupita kiasi kwenye ziwa ambalo vyombo vilivyojaa kupita kiasi vimeua watu mara mbili mbele ya macho yake. Hofu ya namna hii ina habari ndani yake. Ni kumbukumbu inayosema kweli. Kumwambia mtu kwamba kumbukumbu hiyo ni hitilafu ya mkondo wa nguvu katika mwili wake ni kumwondolea ushahidi mkononi, na kumwacha mwenye meli aende zake. Naam, kuna sehemu ya hofu yake iliyozidi: usingizi uliokatika, shingo, kifua kinachobana hata akiona picha ya meli. Sehemu hiyo inastahili tiba, na tiba zenye ushahidi mzuri zipo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo yake kuhusu magonjwa yatokanayo na mikasa, likataja tiba ya mazungumzo inayomrudisha mtu kwenye tukio hatua kwa hatua, na tiba ya kuzungusha macho iliyoanzishwa na Francine Shapiro. Sehemu nyingine ya hofu yake haihitaji tiba yoyote. Inahitaji idadi ya abiria ihesabiwe na maboya yawepo.

Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za zege juu ya maji, mama huyu alipanda basi la Bukoba kwa njia fupi kwa mara ya kwanza tangu msiba wake. Alinipigia simu akiwa Geita. Kwa miaka yote ile hofu yake ilikuwa ikisema jambo la busara: kwamba watu wavushwe kwa namna isiyozama. Serikali ilipofanya hivyo, akavuka.

Niseme kidogo pia kuhusu kile chumba chenye kitanda. Mwili wenye hofu hukaza misuli, tumbo huvuruga, moyo huenda mbio. Kuuchua mwili huo kunaulegeza, na mtu huweza kulia pale kitandani. Sioni ajabu. Ila kusema kwamba msiba wenyewe umehifadhiwa kwenye bega la kushoto na unaweza kukamuliwa, hilo ni la ghala na panya. Tena nina maswali mawili ya mtu mzima. Mgonjwa akiwa mwanamke aliyewahi kudhulumiwa mwili wake, nani amemfundisha mchuaji kuuliza kabla ya kugusa, na nani yuko chumbani pamoja nao? Na maumivu ya mgongo yakiwa si ya misuli? Jirani yangu, fundi wa boti, alichuliwa mgongo miezi mitano akikonda na kutoka jasho usiku, akiambiwa ni huzuni ya kufiwa na mkewe. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alipona kwa dawa za hospitali, lakini hakurudi kusimama wima. Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na baraza la kuisimamia. Wachuaji wa mitaani hufuatwa wajiandikishe. Nataka kujua kama na wale wa kumbi za hoteli hufuatwa.

“Lakini Mwalimu,” nimekwisha kuambiwa, “wataalamu wa afya ya akili nchini ni wachache mno. Kugonga ni rahisi, hakuna vifaa, hakuna madhara. Kwa nini uwanyime watu?” Swali hilo ni zuri, na nusu ya jibu langu ni kwamba simnyimi mtu. Vidole ni vyake na uso ni wake. Kama kujigonga kunamtuliza kabla ya mtihani au kabla ya kung’olewa jino, ajigonge. Jambo lenyewe hufundishwa kwa dakika kumi chini ya mwembe, bila ada, bila cheti, bila njia za nguvu.

Nusu ya pili iko Zimbabwe. Huko daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliwakuta wagonjwa wengi na wataalamu hakuna. Kuanzia mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, aliwafundisha akina bibi wa mtaani waketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati, wawasikilize, wawaulize shida iliyo kubwa kuliko zote, kisha wawasaidie kutafuta hatua moja ya kuitatua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, watu 573 wakishiriki. Waliokaa kwenye benchi hawakulinganishwa na watu waliongoja tu, bali na watu waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, na bado walipata nafuu kubwa zaidi. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Bibi wa Harare hamwambii mtu kwamba nguvu zake ziko kinyume. Humwuliza ana deni la nani, mume amekwenda wapi, mtoto ana ugonjwa gani. Kisha kesho humwuliza amefikia wapi.

Kwa hiyo kwa kijana wa sauti nzuri, na wenzake wote wenye kumbi, nina madai machache. Fundisheni kugonga bure. Ondoeni njia za nguvu kwenye vipeperushi vyenu, mpaka mtakapoweza kumshinda mwanasesere. Asije mtu akaambiwa tena kwamba mwili wake unakataa kupona. Mwenye maumivu anayekonda au anayetoka jasho usiku apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na kabla ya kuuliza namba, ulizeni ilikuwaje, halafu nyamazeni mpaka amalize. Mwalimu wangu alipopata mtu wa kumwuliza hivyo, alizungumza saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ya maneno yake ilihusu nani aliyekata tiketi siku ile, na kwa nini aliendelea kukata.